Blanketi Juu ya Kibao

Muuguzi wa hospitali ya macho alimwuliza Bibi Dahbia anatoka mji gani, naye akajibu kwamba anatoka ng'ambo ya daraja.

"Daraja gani, yemma?" Huku ndiko kumwita mtu mama, na wazee wote wa kike huitwa hivyo.

"La mawe."

"Madaraja ya mawe yamejaa kote. Mji wenyewe unaitwaje?"

Bibi Dahbia akauchungulia mkoba wake. Mlikuwa na mkate, tini kavu na leso safi, na katika hivyo hakuna kilichomsaidia. Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. Mwishowe mwanamume mmoja aliyezibwa jicho kwa pamba akasema kwa sauti, "Mwandikie Akli Uramdan, mama wa watu aende akakae. Huyu ni mke wa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Akli Uramdan. Shahidi, aliyeifia nchi katika vita vya uhuru. Mji umepewa jina lake."

Muuguzi akacheka kwa upole. "Sasa si ungesema tu, yemma? Mumeo huyo!"

"Ndiyo maana," akasema Bibi Dahbia.

Wanawake wa rika lake hawatamki jina la mume. Humwita yeye, au mwenye nyumba, au hukohoa tu, na mume huitika. Mwanamke aliweza kumpikia mtu, kumfulia na kumlilia maisha yake yote, na jina lake lisimtoke mdomoni hata mara moja. Hii ilikuwa heshima ya kawaida na haikumsumbua yeyote, mpaka serikali ilipolichukua jina la mume wa Dahbia na kuupa mji. Tangu hapo akawa anaishi mahali asipoweza kupataja. Kwenye basi husema ateremshwe wanapoteremka wengi.

Mji wenyewe ulishazoea. Umebadilishwa jina mara nyingi, kama mtoto asiyeacha kuugua. Wenyeji wa kwanza waliuita Tala Teslent, chemchemi ya mti wa mulangu, kwa sababu palikuwa na chemchemi na juu yake mti huo. Warumi walipokuja wakauita Ad Fraxinos, yaani penye miti hiyo hiyo. Waarabu wakauita Ain Derdar, chemchemi na mti. Waturuki wakajenga boma, wakaliita Borj Derdar, boma la mti. Kila lugha ilipokea jina kutoka kwa ile iliyotangulia, ikalifua kidogo, ikalivaa. Kisha Wafaransa wakaukata mti kujengea zizi la farasi, na mji wakauita Perrinville, kwa jina la jenerali ambaye hakuwahi kufika hapo. Inasemekana alikuwa na tumbo bovu na hakupenda milima.

Alhamisi jioni wafu wa mji huja kula nyumbani kwao, kama ilivyo katika miji yote ya upande huu. Hushukia barabara kuu, na wengi husimama kwenye mkahawa wa Meziane pale njia panda kuuliza njia, kila mmoja kwa jina alilokufa nalo. Mrumi mwenye ndara za ngozi huulizia Ad Fraxinos, na Meziane, bila kuinua macho kwenye birika lake, humwambia aende moja kwa moja, akate kushoto kwenye duka la dawa. Mturuki wa Borj Derdar huambiwa hivyo hivyo. Walowezi wa Perrinville nao huja, na kofia zao mkononi.

"Moja kwa moja," huwaambia Meziane. "Ila nyumba yenu siku hizi ni benki."

Hushukuru, hunywa maji, huenda kusimama mbele ya benki, kisha huondoka.

Marehemu mmoja tu hakuwahi kuonekana, naye ni Akli Uramdan. Tangu bendera ipandishwe, Bibi Dahbia alikuwa akiandaa kijiko chake kila Alhamisi, na kila Ijumaa asubuhi akikirudisha kabatini kikavu. Mji mzima ulijua. Watu walimwonea haya kidogo, kama wanavyomwonea haya mtu aliyealika wageni wasije. Yeye alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mume wake aje mara moja, ale, ajue kwamba mambo yalikwisha, kabla yeye mwenyewe hajachoka kabisa. Na alikuwa ameshachoka. Hata kwenda kutolewa ukungu wa macho alikwenda kwa ajili hiyo, ili siku mume akija asimpite.

Wa kwanza kumwona kwa macho hayo mapya alikuwa mama mkwe wake. Marehemu Tawus alikuwa haachi Alhamisi hata moja. Alikaa kando ya jiko, akachukua kuskusi kwa ncha ya kijiko, akakunja uso. Wafu hawasikii chumvi, hilo linajulikana, lakini Tawus alikuwa akilalamikia chumvi tangu akiwa hai na hakuona sababu ya kuacha.

"Umesahau chumvi tena."

"Imo, yemma."

"Imo wapi? Mwanangu akija atakula hiki?"

"Haji, yemma. Miaka yote hii haji."

"Nani kakwambia haji? Anakuja kila Alhamisi. Anafika pale konani, anasimama, anarudi."

Bibi Dahbia akaliweka bakuli chini polepole. "Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe unaniuliza kama nimeshiba, basi."

"Anarudi kwa nini?"

"Anasema wamelibandika jina lake."

Hapo Bibi Dahbia akaelewa yote. Wakati wa vita makaratasi yenye jina la Akli yalibandikwa kwenye daraja la mawe, kwa Kifaransa na kwa Kiarabu, na chini yake zawadi ya atakayemleta. Aliyeyabandika alikuwa mkalimani wa Wafaransa, mtu wa mji huo huo, aliyejua kila mlango. Akli alikuwa msomaji. Alishuka mlimani siku moja kuja kubadili viatu, akalisoma jina lake kutoka mbali, akageuka. Kugeuka kule kulimpa msimu mmoja zaidi wa baridi wa kuishi, na pengine ndiyo sababu hakusahau. Baada ya baridi ile hakuna aliyejua alilala wapi. Hapakuwa na kaburi.

Na sasa pale konani, kabla ya daraja, palikuwa na kibao cha chuma chenye nguzo mbili, na juu yake jina lake kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali. Wafu wasiojua kusoma walikipita kama wanavyopita jiwe. Yeye alijua kusoma.

"Ungemwita tu, yemma. Ungemwambia ni heshima."

"Nimemwita mpaka koo limekauka. Anadhani wamenisimamisha pale kama siku ile." Siku ile askari walikuwa wamewapanga kina mama darajani wawaite watoto wao, na Tawus alimwita mwanawe kwa mdomo huku akitikisa kichwa kwamba asije. Akli alikiona kichwa.

Bibi Dahbia akaenda kwa meya.

Meya Nadir alikuwa mtoto wa yule mkalimani. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu na kisukari, naye alinyanyuka kitini, akambusu Bibi Dahbia kichwani na kumwita mama wa mji. Akaagiza kahawa. Akasikiliza habari yote ya konani bila kumkatiza, kama anavyosikiliza habari za mabomba yaliyopasuka.

"Kwa hiyo unataka nini, yemma?"

"Lile libao. Mliondoe siku za Alhamisi tu. Ijumaa mlirudishe."

Meya akapumua. "Jina la shahidi haliondolewi. Liliwekwa kwa amri ya Algiers. Nikiligusa, kesho nitaulizwa nina ugomvi gani na mashahidi. Mimi hasa."

Wote wawili walijua kwa nini yeye hasa.

"Baba yako hajambo?" akauliza Bibi Dahbia, kwa adabu.

"Hajambo. Alikuja juzi. Alikunywa kahawa, akajinyoosha pale kwenye kochi."

"Njia anaipata?"

"Anaipata. Anaulizia Perrinville, watu wanamwelekeza."

"Alhamdulillahi," akasema Bibi Dahbia.

Meya akafikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Mwambie aje rasmi. Tarehe mosi Novemba, siku vita vilipoanza, tuna sherehe. Tutamtengea kiti cha mbele, kabisa kabisa."

"Yeye hakuzoea kukaa mbele."

"Basi apite njia ya nyuma, ya machinjioni."

"Huko kuna kibao pia."

"Kweli," meya akakubali, akikuna shingo. "Tuliweka na huko."

Inafaa kusemwa jinsi jina lile lilivyochaguliwa, maana watu husahau. Siku zile za kwanza za uhuru wazee walidhani mji utarudi kuwa Tala Teslent. Lakini kila mji ulikuwa mbioni kupata shahidi, na mji usio na shahidi ulionekana kama haukupigana. Wakamchukua Akli Uramdan kwa sababu hakuwa na kaburi wala kaka wa kubisha. Aliyekuwa na la kusema ni mke wake, na yeye hakuweza kusema jina lenyewe ili alipinge. Alikuja barazani, akasema, "Hilo msilitie." Wakamwuliza, "Lipi?" Akakohoa. Wakaandika kwamba familia imeridhia.

Alichotaka kuwaambia ni maneno ya mume wake. Mchana wa kuondoka kwenda mlimani, Akli alikuwa akifunga viatu kizingitini, akamwambia, "Hawa wakiondoka, kitu cha kwanza nitachukua rangi nyekundu, niandike Tala Teslent pale darajani, herufi kubwa hivi. Mji si mbuzi, mtu aupige chapa ya jina lake." Alikuwa akicheka alipoyasema.

Alhamisi iliyofuata Bibi Dahbia alibeba kigoda, bakuli la kuskusi lililofungwa kwa kitambaa, na blanketi la sufu alilolifuma mwenyewe akiwa mwali. Akatembea mpaka kwenye kona, akapanda kigodani, akalitupia blanketi juu ya kibao. Jina likafunikwa lote. Akakaa chini kusubiri. Jua lilikuwa linaelekea kuzama aliposikia kokoto zikisagika, akageuka, akaona pikipiki ya askari wa barabarani.

"Yemma, kufunika alama ya barabara ni kosa," akasema askari.

"Sijafunika. Nimeanika."

Askari akaligusa blanketi. "Mbona kavu?"

"Limekauka upesi."

Akalishusha, akalikunja vizuri, akampa. Bibi Dahbia alipotazama konani, palikuwa na kijana mwenye koti kuukuu amesimama katikati ya barabara, naye alikuwa anaangalia jina kwenye kibao. Akageuka akaondoka, bila kukimbia, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Bibi Dahbia hakuwahi kukasirika hivyo maishani mwake. Alimtazama askari, akakosa tusi linalotosha.

"Ni yeye?" akauliza askari.

"Ni yeye."

Askari akaona vibaya. Akazungusha kofia yake mikononi. "Sheria inasema kufunika. Kuanika haikusema. Ukilileta bichi, yemma, hilo ni jambo jingine kabisa."

Kwa hiyo Alhamisi ya pili Bibi Dahbia alilifua blanketi kwenye chemchemi, akalibeba likichuruzika, nguo zake zikaloa mpaka magotini. Askari alipita, akaligusa, akafuta mkono kwenye suruali, akaenda zake.

Kijana akatokea konani. Akasimama palepale. Akaangalia nguzo mbili na blanketi linalodondosha maji, akaangalia kushoto na kulia, kisha akaja hatua chache, akachuchumaa mbali kidogo.

"Yemma," kijana akamwita yule bibi kizee, "askari wako wapi?"

"Hakuna askari."

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma. Njoo ule, kinapoa."

Hakuja. Bibi Dahbia akafungua kitambaa, akatoa kijiko, na kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kumwita, akakohoa. Alikohoa kile kikohozi kifupi, mara mbili, kama alivyokuwa akikohoa mlangoni mchana chakula kikiwa tayari.

Kijana akainuka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akamwangalia sana. "Umezeeka."

"Na wewe umechelewa," akasema Bibi Dahbia, na furaha ikamjaa mpaka mbavu zikamuuma. Alitaka kulia, ila akaona chakula kitapoa zaidi.

Akli akala. Alikula kwa haraka, mgongo ukiwa ukutani, ingawa ukuta wenyewe ulikuwa blanketi. Alisema chumvi iko sawa. Alimwuliza kuhusu mama yake, akaambiwa yuko nyumbani analalamika, akacheka. Viatu vyake vilikuwa bado vibovu.

"Wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka."

"Zamani?"

"Zamani sana."

Akaacha kutafuna. "Wote?"

"Wote. Huja Alhamisi tu, wakiwa wafu, wakasimama benki."

Akashusha mabega. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu atokee konani, kukaa kama mtu aliyekaa. Kisha akakielekeza kijiko ng'ambo ya daraja, kwenye mapaa na antena. "Basi mji hauwezi kuwa bado Perrinville."

"Si Perrinville."

"Unaitwaje sasa?"

Bibi Dahbia akafungua mdomo. Jina la mji lilikuwa pale, sentimita chache nyuma ya kichwa cha mume wake, limefunikwa na sufu mbichi. Ulimi wake, uliokuwa umekataa jina hilo kwa muuguzi, kwa kondakta na kwa baraza zima, ukalikataa tena. Akli alikuwa anamsubiri, uso wake wa ujana umeinuka, uso ule ule wa kizingitini.

"Tala Teslent," akasema Bibi Dahbia.

Akli akafumba macho. "Nani aliandika?"

"Vijana."

"Darajani?"

"Kwa rangi nyekundu."

"Herufi kubwa?"

"Kubwa hivi," akasema, akanyoosha mikono.

Akli akaitikia kwa kichwa polepole, akalamba kijiko, akakifuta kwa ncha ya koti. Alikuwa na furaha kamili, na Bibi Dahbia hakuwahi kumwona mtu mwenye furaha kamili tangu vita viishe.

"Twende nyumbani," akasema Akli, akasimama.

Bibi Dahbia naye akasimama, akalishika bakuli, na ndipo akaiona njia kama angeiona yeye. Ng'ambo ya daraja palikuwa na Shule ya Akli Uramdan. Baada ya shule, uwanja wa mpira wa Akli Uramdan, kisha duka la dawa, posta, na barabara yenyewe. Na mwaka juzi meya alikuja na bendi, akapigilia bamba la shaba kwenye ukuta wa nyumba yake, karibu na mlango, kuwaambia wapita njia nani aliishi humo. Hapakuwa na mablanketi ya kutosha katika wilaya nzima. Akli angeogopa akarudi mlimani asionekane tena, au asingeogopa, angeelewa, na hilo la pili Bibi Dahbia aliliogopa zaidi.

"Leo hapana," akasema. "Nyumba inapakwa rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe. Haijakauka. Utachafua koti."

Akli akalitazama koti lake. "Basi Alhamisi ijayo."

"Alhamisi ijayo, Mungu akipenda."

Tarehe mosi Novemba meya alizindua kibao kipya, kirefu maradufu ya kile cha zamani, chenye taa. Alihutubia kwa machozi ya kweli. Bibi Dahbia alikaa kwenye kiti cha mbele, na ulipofika wakati wa umati kulitamka jina la mji kwa pamoja mara tatu, alikohoa. Baada ya hapo akaenda nyumbani kulishonea blanketi blanketi la pili.

Siku hizi hupika mapema. Alhamisi jioni hukaa konani kwenye kigoda, na Tawus naye huletwa, maana alikataa kula peke yake, na hukaa upande wa pili akikunja uso. Akli huegemea kwenye sufu yenye maji, na taa za kibao huwaka nyuma yake, zikimpasha joto mgongoni bila yeye kujua ni za nini. Husema ni jioni nzuri.

Wakiwa wanakula, hupita mfu mwenye joho jeusi na fimbo ya fedha, hutembea kwa kujiamini. Husimama na kuuliza njia ya Perrinville.

"Moja kwa moja," humwambia Bibi Dahbia. "Kata kushoto kwenye duka la dawa."

Mara ya kwanza Akli alimfuata kwa macho mpaka alipovuka daraja. "Yule si mkalimani?"

"Ndiye."

"Anakwenda wapi?"

"Kwa mwanawe. Kunywa kahawa."

"Na wanamruhusu?"

"Wanamruhusu."

Akli aliwaza kidogo, akavuta bakuli karibu. Ni mtu asiye na kinyongo, na isitoshe mji umepata jina lake. Anapomaliza kula hukung'uta makombo kwenye koti, huangalia mapaa ya ng'ambo yakififia gizani, na humwuliza mke wake kama rangi imekauka.

"Bado," humjibu.